Siku Tulipoichinja Picha ya Mama

Mama hakuwahi kupigwa picha hata mara moja mpaka mimi nilipopata kamera. Wakati huo alikuwa tayari bibi wa wajukuu, mkulima wa ulezi na mahindi, na picha pekee iliyokuwa ukutani kwetu Katandala, mjini Sumbawanga, ilikuwa ya Bikira Maria, ndani ya fremu yenye kioo kilichopasuka kona. Watu wakiniuliza kwa nini siwezi kumsikia mtu akisema habari za kikundi chetu cha picha bila kununa, nawaambia waanzie hapo.

Kamera yenyewe ilikuja na mitumba. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zinaingia kutoka kila upande, duka la ushirika limefungwa na popo wamehamia humo, na sisi wengine tumepanga meza zetu Majengo tunauza nguo za watu tusiowajua. Mfanyabiashara aliyekuwa akituletea marobota kutoka Tunduma alikuja siku moja na mfuko wa vikorokoro: saa zisizotembea, miwani, redio ndogo, na kamera nyeusi yenye mkanda uliochakaa. Wenzangu waligombea redio. Mimi nikaishika kamera, naye akasema dada weka hiyo, si kitu cha mwanamke. Mimi nikiambiwa hivyo ndiyo basi tena. Nikaondoka nayo.

Kujifunza kuitumia ndiko kulikonipeleka kwa Mwenyekiti. Tulimwita hivyo ingawa hakuna aliyempigia kura. Alikuwa amefanya kazi ofisi moja ya serikali, akiwapiga picha wakubwa wakikagua visima na mashamba, mpaka wakati wa kupunguza wafanyakazi walipompunguza naye. Akabaki na kamera yake, suti mbili na maneno mengi. Kila Jumapili baada ya misa ya pili tulikutana chumba cha nyuma nyumbani kwake Majengo: yeye, mimi, kondakta wa basi la Mbeya, na mwanaume mmoja kijana kutoka familia ya wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao wakitokea kaskazini magharibi. Wengine walikuja wakaenda, lakini sisi wanne ndio tuliodumu, na mwanamke nilikuwa mimi peke yangu.

Sumbawanga wakati huo hapakuwa na mtu wa kusafisha filamu ya rangi. Studio iliyokuwapo mjini ilipiga picha ndogo nyeusi na nyeupe za kubandika kwenye vyeti, na mama hakuwa na cheti cha kubandikia chochote. Filamu zetu alizipeleka kondakta Mbeya na kuturudishia zikiwa tayari. Njia ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, basi kulala porini lilikuwa jambo la kawaida, kwa hiyo picha ya Pasaka ungeweza kuja kuiona watu wakiwa shambani wanavuna. Na bahasha ikifika huruhusiwi kuifungua. Mwenyekiti alikuwa mkali sana kwa hilo. Alisema ukifungua nyumbani, ndugu zako watakusifia hata kwa takataka, nawe utaamini. Bahasha zilifunguliwa mezani kwake, mbele ya wote.

Utaratibu ulikuwa kwamba mwenye picha anakaa kimya kabisa. Picha inawekwa mezani, wenzako wanaisema mmoja mmoja, Mwenyekiti anamalizia, halafu tunanyoosha mikono. Iliyopita unaondoka nayo. Iliyoshindwa inachinjwa. Ndivyo tulivyoita wenyewe, kuchinja. Unaichana kwa mikono yako, kisha Mwenyekiti anachukua negativu, ule ukanda wa filamu ambao ungeweza kusafishia nakala nyingine, anakata kipande cha picha ile kwa mkasi na kukitupia kwenye jiko la mkaa palipokuwa pakichemka chai yetu. Kinajikunja, kinatoa moshi mchungu, basi, picha hiyo haipo tena duniani. Alisema picha mbaya ukiiweka nyumbani itakuzoesha ubaya wake.

Leo nikisimulia watu wananishangaa. Wananiuliza, watu wazima na akili zenu mlikuwa mnafanya hivyo kweli? Ndiyo, na tuliona fahari. Watu wa mikoa mingine wakisikia Sumbawanga wanakumbuka uchawi tu, wanakutania mpaka unachoka, na Mwenyekiti alikuwa ametuaminisha kwamba siku moja picha zetu zitatundikwa Dar es Salaam na watu watanyamaza. Kwa hiyo tulikazana. Majirani wa Mwenyekiti walikuwa na maneno yao, eti kuna watu wanakutana Jumapili kuchana sura za watu na kuzichoma moto. Tuliwacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mama aliamua mwenyewe kupigwa picha. Alikuwa ameniona miezi mingi nikizunguka na kamera, nikipiga watoto wa jirani, nikipiga matuta ya shamba, nikipiga ukungu wa asubuhi ambao kwake ulikuwa upuuzi mtupu. Jumapili moja aliporudi kanisani hakubadili nguo. Alibaki na gauni lake la bluu na kitenge cha chama cha akina mama wa parokia, akajifunga kilemba cheupe, akaenda kuazima viatu kwa jirani. Akaja akasimama mbele ya mlango na kuniambia yuko tayari.

Nilimletea kiti akakikataa. Alisimama wima, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu, macho yamekaza kwenye kioo cha kamera kana kwamba anasubiri kuulizwa jina. Upepo wetu wa kiangazi ulikuwa ukimvuta kitenge naye hashughuliki nao. Nikamwambia acheke kidogo. Akaniuliza, anacheka nini, kuna kichekesho gani hapo? Nikabonyeza. Nilimsikia akishusha pumzi, kumbe alikuwa ameibana muda wote. Akavua viatu, akavifuta vumbi kwa upindo wa kitenge, akavirudisha kwa mwenyewe. Jioni hiyo alikuwa ameshachagua mahali pa kuitundika ukutani, na toka hapo kila basi la Mbeya lilipoingia aliniuliza kama imetoka.

Ilipotoka, mama hakuiona. Kondakta aliipeleka bahasha yangu moja kwa moja kwa Mwenyekiti, kama sheria ilivyotaka, na Jumapili ile nilikwenda huku roho imetulia, maana nilijua nimepiga vizuri. Rangi zilikuwa safi, bluu ya gauni ilikuwa bluu kweli, mstari wa mlango umenyooka. Niliitazama pale mezani kwa muda mfupi tu kabla hawajaigeuza upande wao.

Kondakta alianza. Alisema mama anaonekana anaogopa kamera, halafu akamwigiza, akasimama na mikono ubavuni na kutoa macho, wakacheka. Yule mfugaji alisema nguo ni nzuri. Mwenyekiti akaichukua, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akavua miwani.

"Dada, umetuletea picha ya kitambulisho," alisema. "Uso umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Mtu mwenyewe hayupo hapa."

Akaendelea kunifundisha kwamba mtu akijua anapigwa picha ameshaharibika, kwamba wazee wetu wote wanasimama hivyo hivyo kama wanaapishwa, na kwamba kazi yangu ni kumvizia mama akiwa kwenye shughuli zake. Mimi sheria inanitaka kimya. Wakanyoosha mikono, wa mwisho yule mfugaji, ambaye aliunyoosha nusu huku akinitazama mimi. Nikaichana. Niliona si kitu, nitampiga nyingine Jumapili ijayo, mama yupo, kamera ipo, jua lipo. Mkasi ukakata, jiko likatoa moshi wake, tukanywa chai.

Nilirudi nyumbani nimefura. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta ulezi, na kabla sijakaa akaniuliza swali lake lile lile. Mimi nikiwa na hasira sijui kuchuja maneno. Nikamweleza yote kama yalivyosemwa, la kitambulisho, la duka, na kondakta alivyomwigiza. Nilikuwa nawasengenya wao. Nilidhani atakuwa upande wangu, tuwaseme pamoja.

Akaniuliza picha iko wapi. Nikamwambia tumeichana, ndiyo sheria. Akauliza kama haiwezi kutolewa nyingine, maana alikuwa amesikia kwa watu kwamba inawezekana. Nikamweleza habari ya negativu na jiko.

"Jiko la nini?" akauliza.

"La chai, mama."

Aliuweka ungo chini. Alikaa hivyo, akitazama zile punje, na mimi nikaanza kusema kwamba nitampiga nyingine nzuri zaidi, bila yeye kujua, kama watu wa picha wanavyofanya. Akasema haya. Akauchukua ungo akaendelea kupepeta. Mama hakuwa mtu wa kugomba, na mimi niliyerithi ukali sijui kwa nani sikujua kusoma ukimya wake.

Toka siku hiyo sikuuona tena uso wa mama kwenye kioo cha kamera. Nikiitoa tu mfukoni, yeye anavuta khanga mpaka usoni. Nikimvizia anajua. Sijui alijuaje, pengine alisikia ile sauti ndogo ya kamera ikifunguliwa, lakini kila nilipofika karibu alikuwa ameshageuka. Nilimbembeleza, nikanuna, nikatania. Siku moja akiwa anasaga ulezi kwenye jiwe nje, aliniona nimesimama na kamera yangu, akashusha khanga yote mbele ya uso na kuniambia kwa Kifipa kwamba kama uso ndio uliofungwa, basi mikono iko wazi, nipige mikono.

Nikapiga mikono. Nilipiga mikono ikisaga, ikipura maharage, ikipalia. Nilipiga mgongo wake na mzigo wa kuni, kivuli chake ukutani, visigino vyake vilivyopasuka vikipanda tuta. Bahasha ya picha hizo ilipofunguliwa kwa Mwenyekiti, wote walisogeza viti karibu na meza. Ile ya mikono juu ya jiwe, unga mweusi wa ulezi umejaa kwenye mikunjo ya vidole, Mwenyekiti aliizungusha meza nzima. Akasema sasa nimeelewa. Akasema mama yangu yuko ndani ya ile picha kuliko alipokuwa amesimama mlangoni. Wakachanga ikakuzwe Mbeya, na iliporudi akaitundika ukutani kwake, juu ya kiti chake. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilitembea mjini wiki nzima nikijiona mtu. Nyumbani sikusema kitu, na mama hakuuliza.

Masika iliyofuata tumbo la mama lilianza kuvimba. Mwanzo alisema ni gesi, akanywa mizizi, akaendelea kwenda shamba. Baadaye miguu nayo ikavimba, uso ukapungua, mashavu yakaingia ndani. Hospitali walimlaza, wakamtoa, wakamlaza tena, na daktari mmoja akaniita pembeni akanieleza habari za ini kwa sauti ile wanayotumia wakiwa hawana dawa. Nilitoka pale nje nikakaa kwenye ngazi. Katika yote ambayo ningeweza kufikiria, nilichofikiria ni kwamba sina picha yake. Nina mgongo, nina mikono, nina visigino. Sina mama.

Nikaanza kumwomba waziwazi. Akakataa. Mdogo wangu, ambaye ameolewa Matai, alikuja kumuuguza, naye akamwomba, akakataa. Ndipo mdogo wangu aliposikia kwa mara ya kwanza ile habari ya kuchana na jiko. Akaniuliza, mlimchoma? Nikamwambia tulichoma filamu, usiwe mjinga. Akasema sawa, filamu, lakini aliyekuwa kwenye filamu ni nani. Mimi siamini mambo hayo, sikuamini wakati huo na siamini sasa, lakini maneno yale yaliniingia na hayajatoka.

Mwisho nikaenda kwa Mwenyekiti. Nilimkuta amekaa chini ya ile mikono yake iliyokuzwa, nikamwambia ainuke twende akamwombe mama yangu msamaha. Sikusema kwa upole. Alianza kunieleza tofauti ya picha na mtu, nikamwambia maneno hayo akayaseme hospitali. Lazima niseme alikuja. Alivaa suti, akapita akanunua mkate na majani ya chai, akasimama pembeni ya kitanda na kofia mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mama aliitika marahaba na kumwangalia sana. "Ndiye wewe uliyesema uso wangu umefungwa?"

"Mama, sikusema uso. Nilisema picha."

"Picha ilikuwa ya nani?"

Mwenyekiti alizungusha kofia. Kisha akasema amekosa, anaomba msamaha, na kama mama ataridhia tumpige picha nyingine, vyovyote anavyotaka mwenyewe, hata sasa hivi, kamera iko hapa. Mimi nilikuwa nayo kwenye mkoba, nimeshaifungua mkanda.

Mama alipitisha mkono kwenye nywele zake, ambazo hazikuwa zimesukwa muda mrefu. Akajitazama kifuani, lile shuka la hospitali, ile mifupa ya shingo.

"Nimekusamehe," akamwambia. "Lakini hivi nilivyo sionekani. Nikipona nitavaa, mtanipiga."

Akanigeukia mimi, akasema, "Mwanangu, umesikia? Si hivi."

Nikaifunga kamera. Mwenyekiti alikaa kidogo, akaaga, akaondoka akiwa amesahau kofia kitandani. Mama alifariki kabla ulezi haujakomaa, asubuhi, mimi nikiwa nimetoka kumtafutia uji.

Tulimlaza sebuleni Katandala, jeneza wazi, watu wakipita kuaga. Wamama wa parokia walikuwa wamemvalisha gauni la bluu na kumfunga kilemba, lakini aliyekuwa ndani ya nguo zile alikuwa amepungua hata nguo zenyewe zilikuwa zimemkimbia. Watu wakaanza kuuliza picha ya kuweka juu ya jeneza. Kila aliyeingia aliuliza. Wakati huo ndipo Mwenyekiti alipokuja na kitu kikubwa kimefungwa kwa khanga. Ilikuwa ile picha ya mikono, ameitoa ukutani kwake. Alikifungua kwa heshima zote, akakiegemeza kwenye kiti karibu na kichwa cha jeneza, na watu wakasogea kutazama.

Mama mdogo, aliyelala na mama yangu kitanda kimoja utotoni mwao, aliinama akaangalia kwa makini. Akaniuliza, "Hii mikono ya nani?"

Nikamwambia ya mama. Akatazama tena. Akasema mikono ya sisi wote ndivyo ilivyo, akaenda kukaa kwenye mkeka. Muda mfupi baadaye kuna mtu aliigeuza ikatazama ukuta, sikuona ni nani.

Yule mfugaji alikuwa amekuja na kamera yake, ina filamu. Mdogo wangu alipoiona alimshika mkono. Alimwambia ampige mama pale pale alipo, afadhali hivyo kuliko kubaki bila kitu, watoto wake wadogo watamjuaje bibi yao. Alikuwa analia huku anamvuta kuelekea jeneza. Watu wakapisha. Wapo waliosema ni haki, wengi hufanya hivyo. Yule mfugaji alisimama kando ya jeneza, akainua kamera, akarekebisha, na mimi nilijua kabisa kwamba hiyo ndiyo nafasi ya mwisho, dakika chache nyingine kifuniko kinafungwa.

Nilikwenda nikaweka kiganja changu juu ya kioo cha kamera. Nikamwambia mama alikataza. Mdogo wangu akanipigia kelele kwamba mama alikataza akiwa hai, akitegemea kupona, sasa atapona lini? Niliacha kiganja pale pale. Yule mwanaume akashusha kamera, na mdogo wangu akaniambia mbele ya watu wote kwamba mara ya kwanza nilimchana na mara ya pili nimemnyima. Wakamshika wakamtoa nje. Tulimzika mchana huo, na msalaba wake una jina tu.

Nilirudi kwenye kikundi mara moja. Sijui nilifuata nini, labda mazoea. Siku hiyo yule mfugaji alikuwa amepokea bahasha, na moja ya picha zake ilikuwa ya baba yake, mzee mrefu amesimama zizini, fimbo mkononi, amekaza uso, anatazama kamera kama anayetaka kujua ina shida gani. Ilikuwa na makosa ya kila aina. Ng'ombe amekatwa kichwa upande mmoja, kivuli cha mpiga picha kimeingia mpaka miguuni kwa mzee. Kondakta alifungua mdomo akaufunga. Mwenyekiti aliishika muda mrefu. Nadhani alikuwa ananisubiri mimi.

Zamu yangu ilipofika nilisema kivuli chake kimeingia, wakati mwingine asimame upande, na kichwa cha ng'ombe asikiache nje. Hayo ni maoni, nikasema, na yeye aendelee kujifunza. Halafu nikaichukua picha ile mezani pamoja na negativu yake, bila kusubiri mtu kunyoosha mkono, nikavirudisha kwenye bahasha na kumpa mwenyewe mkononi. Nikamwambia ampelekee baba yake leo leo, kabla hajala. Akaondoka nayo kweli, chai hakuinywa. Mwenyekiti alikuwa ameanza kuzeeka ghafla, au mimi ndiye nilikuwa sijamtazama vizuri. Mimi nami nikaaga, na sikurudi. Nasikia waliendelea kidogo, halafu mtu akafungua mashine ya kusafisha picha za rangi hapo mjini, watu wakawa wanasubiri picha zao mlangoni na kuondoka nazo, na hapakuwa na haja tena ya meza ya mtu yeyote.

Mdogo wangu na mimi tulipatana, kama ndugu wanavyopatana, bila kulizungumza. Nilikwenda kwake Matai miaka mingi baadaye kwenye kipaimara cha binti yake wa mwisho, aliyezaliwa baada ya mama kufa. Tulikuwa tumekaa uani akina mama watupu, wengine wa umri mkubwa waliomjua mama tangu usichana wake, tunachambua mchele. Yule binti akapita amebeba ndoo, na mmoja wao akasema, yaani huyu ni bibi yake mtupu. Wakaitikia wote. Mama mdogo akasema hata akikasirika ni yule yule. Mdogo wangu akafurahi mpaka machozi yakamlenga, akamwita mtoto atue ndoo aje, akamsimamisha mbele yangu.

"Wewe ndiye mpiga picha," akaniambia. "Mwangalie vizuri. Si mama huyu?"

Nilimwangalia. Nilianza na paji la uso, nikashuka kwenye macho, pua, mdomo, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kwenye chumba chenye giza. Nilijaribu kuuleta uso wa mama niuweke pembeni ya ule nilinganishe. Nilifumba macho, wakadhani nimeshikwa na uchungu. Ilikuja mikono. Nikajaribu tena, ikaja mikono ile ile na unga wake, imetulia, kila mkunjo mahali pake, wazi kuliko kitu chochote ninachokijua. Juu ya mabega hapakuwa na mtu.

Mtoto alikuwa amesimama ananisubiri, amekunja uso kidogo kwa sababu ya jua.

"Mama mkubwa," akaniuliza, "kweli nimefanana naye?"

Nikamwambia ndiyo, sana. Nilikuwa nawaamini tu wale wengine.